Muulize Somo: Mama mkwe amekata lebo ya koti la mwanangu

Shikamoo Somo,

Naandika usiku, wenyewe wamelala. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Mwingereza, na huu ni mwaka wa kumi na mbili tunaishi Hull, mji wa bandari upande wa mashariki wa Uingereza. Mume wangu alisilimu kabla ya kunioa na ni mtu mwema, sina neno naye isipokuwa hili nitakalolisema. Tuna binti mmoja wa miaka 10.

Miaka miwili iliyopita mama mkwe alianguka akavunjika nyonga. Mume wangu ndiye kitinda mimba na ndiye pekee aliyebaki mjini, basi tukamchukua. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema aje. Amezaliwa mwaka 1934, gazeti analisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na ulimi wake ni wembe.

Tangu wiki ya kwanza imekuwa vita ya jikoni. Nikimenya viazi anasimama nyuma yangu anaokota maganda. Nikitia majani ya chai kwenye birika ananihesabia vijiko. Siku moja nilipika pilau kwa ajili ya wageni, ikabaki nyingi, ikalala, siku ya pili nikaanza kuikwangua niitie kwenye pipa la taka. Akanishika mkono, akaitazama ile sahani, akasema, "Hii ingewafaa sana nguruwe." Somo, pilau yangu! Mimi Mwislamu, nimepika kwa mkono wangu, naambiwa ni ya nguruwe. Nilikwenda chumbani nikalia. Mume wangu akasema hana maana mbaya, ndivyo alivyo tu.

"Ndivyo alivyo tu" ndio wimbo wa nyumba hii. Chini ya kitanda chake nimekuta makopo 14 ya maharage, mifuko ya sukari, na vipande vya mkate vimekauka kama mawe, vimefungwa kwenye leso. Ndizi akipewa hali, anaiweka kwenye droo mpaka iwe nyeusi. Jua likianza kuzama anapita dirisha kwa dirisha akifunga mapazia, na nikiwasha taa kabla hajamaliza anafoka. Novemba wanapolipua fataki anaingia kwenye kabati lililo chini ya ngazi, anajifungia, na hatoki mpaka kuwe kimya. Ukimuuliza anasema alikuwa anatafuta viatu.

Hayo nimeyameza. Lililonishinda ni la juzi. Shule inawapeleka watoto kambini na walimu wao, Jumatatu hadi Ijumaa. Tumepewa orodha: koti zito, taulo, sabuni, mswaki, nguo za kubadili, chakula cha siku ya kwanza, na kila kitu kiwe na jina. Nikashona lebo ya jina kwenye koti. Asubuhi nikaikuta imefumuliwa na kukatwa vipande vipande, na sanduku la mtoto halionekani. Tukalikuta chumbani kwa bibi yake, nyuma ya mlango. Akasema mbele ya mtoto, "Hakuna atakayemchukua huyu." Mtoto akaangua kilio, na sasa anasema haendi tena. Mimi nikapandwa na hasira, nikamtolea kwa Kiswahili maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenipaka pilipili mdomoni. Hakuyaelewa, lakini alielewa.

Safari imebaki wiki tatu. Mwezi uliopita mume wangu aliwahi kutaja nyumba ya wazee, tukiwa jikoni, kisha yeye huyo huyo akawa hataki tena kulizungumza. Kuhusu utoto wa mama yake anajua tu kwamba alihamishwa wakati wa vita; hakuwahi kusimuliwa zaidi. Je, huyu mama ananichukia kwa kuwa mimi ni Mwafrika? Nimwambie mume wangu achague? Na mtoto aende au asiende?

Binti wa Tanga, Hull

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, na kila nilipokuta kitu ninachokijua nikapiga mstari. Karatasi imejaa mistari. Kabla sijarudi kwetu Mombasa nilifanya kazi ya uuguzi Uingereza kwa miaka 26, mingi katika wodi za wazee, na mikate mikavu niliyoitoa ndani ya foronya za mito ya watu siwezi kuihesabu.

Nianze na lebo, maana wewe umeiona kama uharibifu wa koti.

Tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla Uingereza haijatangaza vita na Ujerumani, serikali ilianza kuwatoa watoto wa miji mikubwa na kuwapeleka mashambani ili mabomu yasiwakute. Ndani ya siku chache watu kama milioni moja na nusu walikuwa wameshahamishwa. Wadogo kabisa walikwenda na mama zao, lakini wa shule waliondoka na walimu wao tu. Hull ulikuwa mmoja wa miji hiyo, na watoto wake wengi walivushwa kwenda Lincolnshire, wengine vijijini kwenye mkoa wao wenyewe. Mama mkwe wako alikuwa na miaka mitano. Wazazi walipewa orodha ya vitu vya kumfungashia mtoto: koti zito, taulo, sabuni, mswaki, nguo za kubadili, chakula cha siku moja, na barakoa ya gesi ndani ya boksi lenye kamba ya kuning'iniza begani. Hebu irudie orodha uliyoniandikia wewe. Ukiondoa barakoa, ni ile ile. Halafu kila mtoto alifungwa lebo kwenye koti, jina lake na shule yake, kama kifurushi cha posta.

Mama hakuambiwa mtoto anapelekwa wapi. Mtoto alipewa kadi ya posta aitume akishafika, na kadi hiyo ikifika nyumbani ndipo wazazi wajue mwana wao yuko kijiji gani. Huko waliwekwa kwenye ukumbi, wenyeji wakapita wakitazama na kuchagua. Mwenye nyumba alilipwa na serikali shilingi 10 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na akichukua zaidi ya mmoja, shilingi 8 na peni 6 kwa kila kichwa. Msichana mkubwa aliyeonekana anaweza kazi aliondoka mapema. Mdogo anayelia, mwenye chawa, au ndugu wawili walioshikana mikono wasitake kuachana, hao walikaa mpaka jioni. Wapo walioangukia nyumba za watu wema wakapendwa mpaka leo. Wapo walioangukia pabaya. Mgonjwa wangu mmoja, mwanamume mkubwa aliyekuwa fundi wa meli, aliniambia habari za ukumbi huo mara moja tu, saa tisa ya usiku, na neno alilolikumbuka ni moja: "Nitamchukua huyu." Asubuhi akajifanya hakuniambia kitu.

Sasa yasome upya maneno aliyoyasema mama mkwe wako akiwa amelificha sanduku. Hukuwa wewe aliyekuwa akisema naye.

Kuna jambo jingine, nalo umelipitia haraka sana. Unasema mumeo alitaja nyumba ya wazee mwezi uliopita, mkiwa jikoni. Na mama yake alikuwa wapi? Nyumba zile nimezifanyia kazi. Mzee anapoingia, familia huambiwa ishone lebo ya jina kwenye kila nguo yake ili zisipotee kwenye dobi. Mtu aliyefungwa lebo akiwa na miaka mitano, akasikia mwanawe anataja nyumba ya watu baki, wiki chache baadaye akakuona wewe umeshika sindano na lebo na sanduku liko wazi kitandani... Mimi ningeficha sanduku na viatu pia.

Tuje kwenye pilau. Najua lilivyokuchoma, na mimi ningelia. Lakini sikiliza. Mgao wa chakula ulianza tarehe 8 Januari 1940, kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Julai mwaka huo ukaingia chai. Kila mtu alikuwa na kitabu cha mgao, ameandikishwa kwa mwenye duka wake, na duka la jirani hapati kitu. Viwango vilikuwa vikipanda na kushuka, ila kwa kawaida mtu mzima alipata kwa wiki nzima sukari ambayo hata robo kilo haifiki, siagi vijiko vichache, yai moja likipatikana, na majani ya chai kama gramu 57. Gramu 57, mwanangu, siku saba! Wewe na mimi tulivyolelewa na chai ya kuungua rangi, hizo ni za Jumamosi na Jumapili. Usimlaumu kwa kuhesabu vijiko.

Mwaka huo huo wa 1940 kutupa chakula kulifanywa kosa la jinai, na watu walipelekwa mahakamani wakatozwa faini. Kilichobaki hakikuwa taka. Mitaani kuliwekwa mapipa maalumu ya mabaki ya jikoni, maganda na ukoko na kila kitu, yakakusanywa, yakachemshwa, yakalishwa nguruwe, na majirani wengine wakaungana wakafuga nguruwe wao kwa pamoja. Mtoto wa enzi zile alitumwa na mama yake, "Peleka hii kwa nguruwe," kama wewe ulivyotumwa Tanga kuwamwagia kuku mapumba. Kwa hiyo alipokushika mkono akasema pilau ile ingewafaa sana nguruwe, nadhani alikuwa anakuzuia usitupe chakula kizuri, kwa maneno pekee aliyofundishwa. Muulize. Mwambie, "Mama, kwenu mlikuwa na pipa la nguruwe?" Uone atakavyokaa kitako.

Mgao haukuisha vita vilipoisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Vita vilikwisha 1945. Mkate, ambao wakati wote wa vita haukuwa na mgao, ulitiwa kwenye mgao mwaka 1946, ukatolewa 1948. Peremende zikawa huru Februari 1953. Nyama ilikuwa ya mwisho, tarehe 4 Julai 1954. Mama mkwe wako alianza kula kwa kitabu akiwa na miaka mitano na akamaliza akiwa msichana wa kuolewa. Ukikuta makopo 14 chini ya kitanda, mshukuru Mungu si 40.

Ndizi, hiyo nilicheka peke yangu, samahani. Novemba 1940 serikali ilipiga marufuku kuingiza ndizi, kwa kuwa meli zilitakiwa kwa mambo mengine, na hazikuonekana tena madukani mpaka meli ya kwanza ilipotia nanga mwishoni mwa Desemba 1945. Katikati hapo akina mama walichemsha mizizi fulani myeupe, jamaa ya karoti, wakaiponda na kuitia arki ya ndizi, wakawapakia watoto kwenye mkate. Kuna watoto waliopewa ndizi ya kweli baada ya vita wakaiuma na ganda lake. Mwenzako anaiweka kwenye droo kwa sababu kitu kizuri hakiliwi siku kinapopatikana. Mpikie ndizi za nazi siku moja, umwekee mezani umekwisha kuzimenya, asiwe na la kuhifadhi.

Mapazia na kabati ni kitu kimoja. Tangu siku ile ya kwanza ya Septemba 1939, mwanga wowote uliochungulia nje usiku ulikuwa kosa, na walinzi walipita mitaani wakipiga kelele taa izimwe. Miezi ya mwanzo mabomu hayakuja, akina mama wakachoka kukaa bila watoto, na ilipofika Januari 1940 wengi walikuwa wamewarudisha mjini. Kisha yakaja. Hull ulipigwa vibaya kuliko karibu mji wowote wa nchi ile ukiacha London. Usiku mbili mfululizo, kuanzia tarehe 7 Mei 1941, katikati ya mji iliteketea. Kwa vita nzima walikufa humo watu karibu 1,200, na kati ya nyumba zaidi ya 90,000 zilizosalimika bila hata ufa hazikufika 6,000. Na magazeti hayakuruhusiwa kuutaja kwa jina. Yaliandika tu "mji mmoja wa pwani ya kaskazini-mashariki". Fikiria mtaa wenu unaungua na habari zake zinasomwa kama za watu wasiojulikana. Walio na uwanja nyuma walikuwa na handaki la mabati lililozikwa nusu ardhini. Wasio nalo walijibanza chini ya ngazi, kwa sababu nyumba ikianguka, mara nyingi ngazi ndiyo iliyobaki imesimama. Mwache atafute viatu vyake. Ila mwekee humo mto, blanketi na tochi, wala usiseme neno.

Nisije nikaonekana namfanya yeye peke yake ndiye mwenye kumbukumbu. Mwulize na baba yako. Mjapani alipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, katani ya Tanga ikawa lulu kwa meli za Uingereza na Marekani, na watu wa Tanganyika wakaswagwa kwa amri kwenda kukata mkonge. Wengine wakachukuliwa keya, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, wakapelekwa Bama (Burma, siku hizi Myanmar) kupigana, wakarudi hawataki kusimulia. Sitashangaa ukikuta na kwenu kulikuwa na mzee aliyefunga mapazia kwa namna yake. Hilo likipatikana, mpelekee mama mkwe mezani. Wazee wa vita ile wanapenda kujua kwamba aliye mbele yao naye ametoka humo humo.

Umeniuliza kama anakuchukia kwa rangi yako. Kwa haya uliyoniandikia, sikuona. Nimeishi kule, na sura ya chuki hiyo naijua kwa karibu. Haihesabu majani ya chai. Siku likitoka neno lililo wazi, niandikie tena, nami sitakuambia umeze.

Lakini sisemi kila kitu ni vita. Mume wako anajua mapazia na makopo ni ya tangu zamani. Hayo ni yake. Kukata lebo kwa mkasi usiku na kuficha sanduku, je, amewahi kufanya jambo kama hilo? Kama ni jipya, na hasa kama siku hizi anapotea kidogo jioni, anarudia maneno, au hali vizuri, mpelekeni kwa daktari wake amtazame. Kwa wazee, hata ugonjwa mdogo wa njia ya mkojo unaweza kuvuruga akili kwa siku kadhaa, na kumbukumbu zikianza kulegea, za karibuni ndizo hutangulia kuondoka, za utotoni zikabaki mlangoni. Mikate mikavu itoe kwa siri kila wiki uweke mipya, panya hawajui historia. Makopo yaache. Au mpe kabati lake jikoni, lenye ufunguo wake.

Mumeo nina neno naye, na ukitaka msomee. Bwana, "ndivyo alivyo tu" si jibu la kumpa mke anayelia. Mama ni wako. Umeishi naye miaka 50 hukumuuliza alikuwa kijiji gani, alikaa kwa nani, alirudi lini. Kaa naye Jumapili hii, mke wako asiwepo, umuulize. Akikataa usimlazimishe, mletee chai umwache. Na neno la nyumba ya wazee, ama lizungumzeni naye akiwemo, kwa ukweli, au lisitajwe tena. Nyumba hizo si dhambi, ziko nzuri na kuna mzigo usiobebeka nyumbani. Ila asije akasikia kwa mlango uliofungwa nusu kwamba kuna siku atafungashiwa.

Kuhusu kuchagua kati yako na mama yake: hapana, mwanangu, usimwambie. Ukiwa na bahati atakuchagua wewe, na hutapenda utakachokipata.

Mtoto aende. Hapa sina shaka. Asipokwenda atajifunza kwamba kuondoka nyumbani ni kutorudi, na hofu hiyo bibi yake hakukusudia kumrithisha. Lakini aondoke kwa njia tofauti na ya 1939. Andikeni kwa herufi kubwa, mbandike kwenye jokofu: jina la kambi, anwani, namba ya simu, jina la mwalimu, na siku na saa ya kurudi. Mwonyesheni bibi mahali hapo kwenye ramani. Jina kwenye koti liandike kwa kalamu, ndani ya mfuko, hakuna haja ya lebo. Na mwombe yeye ndiye apange sanduku. Atakunja kila soksi na ataficha kitu cha kula humo ndani, mwache. Siku ya kuondoka bibi asipelekwe kwenye basi. Waagane nyumbani, mlangoni, mtoto akiwa ameshiba.

Kwako, umwombe radhi kwa yale ya Kiswahili. Si lazima uyafasiri.

Na mtoto apewe kadi ya posta yenye anwani ya nyumbani kwenu, jina la bibi yake juu, aiandike siku ile ile ya kufika. Mnunulie stempu mapema, ibandike kabisa. Mwambie asingoje Jumatano, la sivyo atafika yeye kabla ya kadi.

Somo wako